Zinki Inaokoa Chuma. Je, Nani Atakuokoa Wewe?

(Mazungumzo na wanafunzi wa shule moja ya sekondari, Bagamoyo)

Najua wengi mlidhani nimekuja kuzungumzia UKIMWI au mimba za utotoni. Hayo ni muhimu na tutayarudia. Leo lakini nimekuja na boliti mbili. Hebu zipitisheni mkono kwa mkono.

Moja imeliwa na kutu. Nyingine inang'aa, nyeupe yenye ubuluu kidogo. Zote zimetoka kwenye gari moja, Land Rover ya zamani ambayo kaka yangu anaifufua nyumbani. Hiyo inayong'aa ameipaka zinki mwenyewe, uani, kwa ndoo na betri.

Wangapi hapa mnakwenda gereji siku za likizo kumsaidia fundi? Naona mikono mingi. Basi mazungumzo haya ni yenu.

Kwa nini zinki?

Sisi watu wa pwani tunaijua kutu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na chuma kinaoza. Mwenye nyumba karibu na ufuko anajua jinsi bati linavyochakaa. Land Rover zile za zamani zina bodi ya alumini, ndiyo maana bodi inadumu. Lakini chesisi na boliti ni chuma. Unakuta gari kwa nje zima, kumbe chini limekwisha.

Zinki inakilinda chuma kwa kujitoa mhanga. Maji ya chumvi yakija, zinki inaliwa kwanza, chuma kinabaki salama. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyushwa. Mabati ya nyumba zetu yanatokana na ufundi huohuo, na hapa nchini kiwanda cha ALAF, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1960.

Nyumbani huna tanuri la nyuzi 450, kwa hiyo watu hutumia umeme. Waliofika kidato cha tatu wanakumbuka somo la elektrolisisi. Unasafisha boliti mpaka kutu iishe. Unaiweka kwenye maji yenye chumvi ya zinki na kuiunganisha na ncha hasi ya betri. Kipande cha zinki kinakwenda ncha chanya. Zinki inayeyuka kidogokidogo na kuhamia kwenye boliti. Wanaojua kazi hutumia siki, chumvi ya haluli na umeme mdogo wa volti 1.5 hadi 3. Ukizidisha umeme, boliti inatoka nyeusi na chapachapa kama majivu.

Rahisi, sivyo? Sasa sikilizeni mahali penye hatari.

Asidi

Fundi mwenye haraka hangoji siki ile kutu usiku kucha. Anachukua asidi ya betri. Ile ni asidi ya salfa. Inachoma ngozi, inatoboa nguo, na tone moja machoni linaweza kukupofusha. Kumbukeni kanuni: asidi inamiminwa ndani ya maji, kidogokidogo. Ukimwaga maji ndani ya asidi, yanachemka ghafla na kukurukia usoni.

Halafu kuna jambo linalonikera sana: asidi kuwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Jamani! Mtoto anarudi kucheza ana kiu, anaona chupa, anakunywa. Koo na tumbo vinaungua, na anaweza kufa. Chupa ya kinywaji isiwekwe sumu hata kwa dakika moja.

Tena, msichanganye asidi na Jik. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na hiyo inaharibu mapafu.

Gesi na maji machafu

Boliti ikiwa kwenye asidi au kwenye umeme, mnaona mapovu. Hiyo ni hidrojeni. Chumbani inajikusanya, na cheche moja ya waya au kiberiti inalipua. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo, bila sigara wala jiko karibu.

Msitumie kijiko cha chuma kisichoshika kutu mahali pa zinki. Kromiamu inaweza kutoka na kuyageuza maji kuwa ya njano, na aina hiyo ya kromiamu husababisha saratani. Ukiona dawa ya rangi ya njano ya kumalizia zinki, au unga wenye jina la sianidi, usiguse. Sianidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua kwa dakika chache.

Na maji yaliyobaki? Yasimwagwe kisimani, mtaroni wala kwenye mikoko. Zinki nyingi ni sumu kwa samaki, na sisi samaki ndiyo kitoweo chetu.

Homa isiyo malaria

Hapa nawapa kisa cha nyumbani. Wakati wa masika, mvua ikinyesha, kaka alijifungia bandani akichomelea bomba la zinki kwenye chesisi. Moshi mweupe ulijaa. Alikunywa maziwa, kama mafundi wengi wanavyoamini, akaendelea.

Usiku akaanza kutetemeka. Homa, kichwa, viungo, kifua kinabana, mdomoni ladha ya shaba. Mama akasema, "Malaria hiyo, nenda kanunue dawa." Bahati nzuri tulimpeleka zahanati. Kipimo hakikuonyesha malaria. Muuguzi akamwuliza swali moja tu: "Mchana ulifanya kazi gani, mwanangu?"

Swali lile lilifungua kila kitu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea ni mkali kuliko huo. Mvuke wake ukiingia mapafuni, homa huja saa 4 hadi 10 baadaye, na mara nyingi huisha kwa siku moja au mbili. Wazungu waliiita pia homa ya Jumatatu, kwa sababu mwili huzoea moshi wiki nzima, ukipumzika mwisho wa wiki unasahau, na Jumatatu homa inarudi.

Maziwa je? Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Hayakutani.

Lakini angalieni, msigeuze kisa hiki kuwa kisingizio. Hapa kwetu malaria ipo na inaua. Ukipata homa, pimwa, na mweleze mhudumu kazi uliyofanya. Usijitibu kwa kubahatisha, upande wowote. Tena boliti nyingi za magari ya zamani zilipakwa kadimiamu, ambayo kwa macho inafanana na zinki. Moshi wake huanza kama homa hiyohiyo, kisha mapafu yanajaa maji na mtu anaweza kufa. Boliti ya zamani yenye rangi usiichome moto. Na anayepumua kwa shida akimbizwe hospitali, usingoje asubuhi.

Boliti za breki

Asidi na umeme vinaweza kuingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu, kikawa chepesi kukatika. Kwa macho boliti ni nzuri, barabarani inakatika. Kwa hiyo boliti za breki, usukani na springi zisipakwe nyumbani. Nunua mpya. Bawaba za mlango na vishikizo vya taa, sawa.

Ukiungua

Asidi ikikumwagikia, vua nguo na mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Machoni vilevile, kope zikiwa wazi, kisha nenda hospitali. Aliyekunywa asidi asitapishwe; itamchoma mara ya pili ikipanda. Suuza mdomo, mkimbize hospitali na chupa yenyewe.

Kabla ya kazi: miwani, glavu za mpira, viatu vilivyofunika vidole, ndoo ya maji safi karibu. Kandambili ziacheni nyumbani.

Mwisho, mwanafunzi mmoja ameniuliza: "Dada, fundi akisema glavu ni za waoga, nitamjibu nini?" Swali zuri, maana ukikataa unaweza kufukuzwa. Mwambie kwa heshima: "Shikamoo fundi, naomba nianze na kazi ya spana, asidi niachie nikipata glavu." Akikataa, mwambie mzazi au mwalimu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akukinge, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari. Na anayetaka ufundi kweli, vyuo vya VETA vipo.

Kaka yangu bado anaendelea na Land Rover yake. Siku hizi anafanyia kazi nje, na miwani usoni. Boliti inaweza kupakwa zinki tena na tena. Mapafu na macho hayana zinki. Nirudishieni boliti zangu.