Mama wa Mimba ya Kwanza, Usingoje Utungu Ndipo Utafute Njia

Wewe unayebeba mimba ya kwanza na umeingia mwezi wa nane, leo ninasema nawe. Wale waliokwisha kuzaa wasikilize pia, maana ninyi ndio mnaowashauri wadogo zenu.

Utungu wa mimba ya kwanza unakawia. Tangu unapoanza kukaza sawasawa mpaka mtoto anatoka, saa 12 zinaweza kupita, pengine na zaidi. Wengi wakisikia hivyo wanasema: "Basi, nitapata wakati wa kufika." Hapana, mama. Hujahesabu saa za kumtafuta bwana yako aliyekwenda sokoni, saa za kungoja baba mkwe aseme ndiyo, saa za kutafuta pikipiki usiku. Na ile mvua yetu ya Kivu, unaijua. Raheli mke wa Yakobo alishikwa na utungu njiani, na njiani alikufa.

Kama kwenu ni mbali, njoo majuma mawili au matatu mbele ya siku zako, ulale kwa ndugu aliye karibu, au uliza kama hospitali iko na nyumba ya kungojea. Na kama tulikuambia kwa kiliniki kwamba mtoto amelala kando, au ni mapacha, au mifupa ya nyonga yako ni midogo, usijaribu kuzaa nyumbani hata kidogo.

Nitakuambia sababu ninasema kwa nguvu. Zamani walituletea binti mmoja kwa kipoyi, siku ya tatu ya utungu. Midomo yake ilikuwa imekauka. Siku ya kwanza nyumbani walisema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Siku ya pili wakaanza kumwambia: "Taja majina. Sema ulilala na nani, ndipo mtoto atoke." Yule binti hakuwa na jina la kutaja. Usiku, kwa kuchoka, akataja jina la jirani tu ili wamwache. Mtoto hakutoka.

Tulimpasua, lakini mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mama mwenyewe aliishi, lakini mkojo ukawa unamtoka bila kujizuia, sababu kichwa cha mtoto kilikandamiza kibofu muda mrefu mpaka nyama ikafa. Ugonjwa huo ni fistula. Unatibiwa kwa kupasuliwa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999, inafanya kazi hiyo. Lakini ni heri usiupate.

Sikilizeni, mama wakwe: mtoto akikwama, ni kichwa hakipiti katika mifupa, au amelala vibaya, au nguvu za tumbo ni haba. Uzinzi haufungi njia ya mtoto. Kama kuna dhambi, mtu ataitubu mbele ya Mungu siku nyingine. Leo mpelekeni hospitali. Wala msimpe dawa ya mizizi ya kuharakisha utungu. Inaweza kukaza tumbo la uzazi mpaka lipasuke, na mama afe kwa damu ya ndani isiyoonekana.

Utajuaje utungu wa kweli? Ule wa uongo unakuja na kwenda bila utaratibu, na ukitembea au ukilala kidogo unapoa. Ule wa kweli mara nyingi unaanzia mgongoni, unakuja mbele, na kila mara unazidi nguvu na kukaribiana. Usingoje ukaribiane sana kama nyumba yako iko mbali. Pengine utaona ute wenye damu kidogo. Hiyo ni kawaida. Lakini damu nyingi, maji kutoka hata bila utungu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso kuvimba, kutetemeka kama mwenye kifafa, homa, au mtoto kuacha kucheza: hata moja tu ya hayo, ondoka saa ileile, hata kama ni usiku.

Weka tayari kapu lako sasa: fishi ya kiliniki, vikwembe viwili vitatu vilivyofuliwa na kukaushwa juani, kofia ya mtoto, sabuni, vitambaa vya damu. Falanga uziweke kidogo kidogo kila siku ya soko, na uulize bei mapema kwa ofisi yetu, usione haya. Tafuta pia ndugu mwenye afya atakayekubali kutoa damu ikihitajika.

Mtoto akizaliwa tutamlaza juu ya kifua chako, ngozi kwa ngozi, na umpe titi katika saa ya kwanza. Yale maziwa ya njano usiyamwage! Si uchafu, yanamkinga na magonjwa. Kumwosha kutangoja mpaka kesho. Juu ya kitovu usitie majivu wala mafuta.

Siku ya kiliniki ijayo, uje na bwana yako, au yule mwenye kusema neno la mwisho nyumbani kwenu. Ninataka akubali mbele yangu kwamba utungu ukikushika naye hayupo, hautangoja ruhusa ya mtu. Na mwambie aje mapema, mbele ya kupima kilo, maana nyuma yake ninakuwa na wanafunzi.