Magari ya Kale na Mashaka ya Kesho



Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi Novemba, jua likiwa ndio kwanza linachomoza, mamia ya watu waliojifunika makoti mazito na mablanketi hukusanyika katika bustani ya Hyde Park mjini London. Kutoka hapo huyaendesha magari ya kale hadi Brighton, mji ulioko pwani, mwendo wa kilometa zipatazo 96. Gari lililoundwa baada ya mwaka 1904 halikubaliwi. Kabla ya kuondoka huchanwa bendera nyekundu, kuikumbuka siku ya Novemba 14, 1896, ambapo wenye magari wa Uingereza walisherehekea sheria mpya iliyowaondolea sharti la kutanguliwa na mtu wa kutembea kwa miguu, ikawaruhusu kwenda maili 14 kwa saa badala ya 4. Msafara huo ulifufuliwa mwaka 1927. Magari mengine huwashwa kwa hendeli, mengine huenda kwa mvuke, na machache ni ya umeme, maana gari la umeme si uvumbuzi wa juzi kama wengi wanavyodhani. Yako yanayokwama njiani, na hapo abiria hushuka wakasukuma.

Huenda mwalimu aliyeshinda darasani, au karani anayegombea nafasi ndani ya daladala, akauliza: mchezo huo wa watu wenye nafasi unamhusu nini? Swali hilo ni la haki, nalo litajibiwa. Lakini kwanza yafaa ieleweke kwamba hata huko Ulaya wapenzi wa magari haya wamo katika mashaka, na mashaka hayo hayatoki pale wengi wanapopatazama.

Wengi huitazama sheria. Serikali ya Uingereza imeuweka mwaka 2030 kuwa mwisho wa kuuza magari mapya yanayotumia petroli au dizeli peke yake. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 sheria inayoutaja mwaka 2035, ingawa mwishoni mwa 2025 Tume yake ilipendekeza masharti hayo yalegezwe. Basi watu hupiga kelele kwamba magari ya kale yamehukumiwa kifo. La hasha! Sheria hizo zinahusu magari mapya. Gari kongwe limependelewa: nchini Uingereza gari lililotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki hata kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, mradi lisiwe limebadilishwa mno. Ujerumani hulipa gari la miaka 30 namba yake maalumu tangu mwaka 1997, na namba hiyo hulifungulia njia katika miji iliyokataza magari yenye moshi mchafu.

Anayeumia ni gari la makamo. Tangu Agosti 2023, London yote hutoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kipimo cha moshi, na magari mengi ya miaka ya 1990 hayakifikii. Mzee wa miaka 40 hupita bure. Wa miaka 28 hulipa. Mwenye kipato cha kawaida afanye nini? Huliuza kwa bei ya chuma chakavu. Hivyo magari ambayo yangekuwa ya kale kesho yanasagwa leo kabla hayajaufikia umri wa kuheshimiwa. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hapana shaka hewa safi kwa watoto wa London ni haki yao kabla ya starehe ya mtu yeyote. Hata hivyo ndivyo hesabu inavyokwenda.

Mafuta nayo yalitisha. Uingereza ilipopiga marufuku petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2000, ilisemekana injini zote za zamani zitakufa, kwa kuwa risasi ile ndiyo iliyokuwa ikikinga vikalio vya valvu. Hazikufa. Mafundi walichonga vikalio vya chuma kigumu zaidi, na safari ikaendelea. Mwaka 2021 ikaja petroli iliyochanganywa na asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hunyonya unyevu na kula mipira ya zamani. Mafundi wakabadilisha mipira. Mafuta hayajaliua gari la kale maadamu fundi yupo.

Na hapo ndipo penye kidonda. Fundi anayejua kusikiliza kabureta kwa sikio, anayeweza kuunyoosha mkunjo wa bodi kwa nyundo na kigogo bila kutia lundo la lipu, amezeeka. Kijana anayeingia katika ufundi leo hufundishwa kuchomeka kompyuta na kusoma namba ya hitilafu, kisha kutoa kifaa kizima na kuweka kingine. Haifai kumlaumu, kwani hayo ndiyo magari yatakayomlisha. Lakini tazama matokeo yake. Gari la mwaka 1930, pistoni ikivunjika, mtu mwenye mashine ya kukereza na subira ataitengeneza nyingine. Gari la mwaka 2010, kisanduku chake cha umeme kikiungua na kiwanda kimeacha kukitoa, fundi hana cha kukereza. Kwa hakika gari la babu laweza kuishi kuliko la mjukuu.

Wako waliopendekeza njia nyingine: kung'oa injini na kutia mota na betri. Mwaka 2018 dunia nzima ilimwona mwana wa mfalme wa Uingereza akiondoka harusini mwake katika Jaguar ya umbo la kale yenye moyo wa umeme. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa Paris mwaka 1966, lilisema mwaka uliofuata kwamba gari la namna hiyo haliwezi tena kuhesabiwa kuwa la kihistoria. Shirikisho hilo lilisema sawa. Nyumba iliyobomolewa kuta zote ikabakizwa mlango haiitwi tena nyumba ya zamani, hata kama mlango wenyewe ni wa Zanzibar.

Kisha kuna fedha. Mei 2022, Mercedes moja ya mwaka 1955, katika mbili tu zilizoundwa, iliuzwa mjini Stuttgart kwa euro milioni 135. Fedha hizo zilitengwa kwa ufadhili wa masomo, jambo la kusifiwa. Lakini bei za namna hiyo zimewafundisha matajiri kwamba gari ni akiba kama dhahabu, na dhahabu haiendeshwi barabarani. Hufungiwa ghalani penye hewa baridi, likingoja bei ipande. Kwa njia hiyo mchezo ulioanzishwa na watu waliochafuka mikono unahamia kwa watu wenye mikono safi, na kijana wa kawaida anabaki nje ya uzio akipiga picha.

Sasa swali la mwalimu wetu. Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, na si ndogo. Mbio za magari za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndizo zilizozipa Peugeot 404 na Datsun 240Z sifa duniani. Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968. Tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo huwaleta wageni na magari yao yaliyong'arishwa kuja kuyatimua vumbi lilelile. Wakati huohuo, Land Rover na 404 zilizobaki huku zilibeba mahindi, wagonjwa, mishahara ya walimu na masanduku ya kura, zikatengenezwa katika gereji bubu chini ya mwembe kwa spea zilizochongwa papo hapo. Sababu ilikuwa dhiki, kama ilivyokuwa Cuba, ambako magari ya Kimarekani ya kabla ya 1959 yamedumu kwa kuwa mapya hayakuwa yakipatikana. Dhiki hiyo ililea ufundi ambao Ulaya sasa inautafuta kwa taa.

Ufundi huo haumo kitabuni. Umo vichwani mwa wazee ambao wengi wao hawakupata cheti chochote, na magari waliyojifunzia yanakatwa vipande kila siku yakauzwe kwa kilo. Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere, nayo imehifadhiwa kwa heshima inayostahili. Land Rover ya bwana shamba haina mahali pa namna hiyo. Shule za ufundi zinazo karakana, zinao wanafunzi, na mara nyingi nje ya uzio wao yupo mzee mwenye bisibisi ambaye hajawahi kualikwa kuingia ndani hata kwa saa moja, huku gari la zamani la idara likiwa limeegeshwa nyuma ya ofisi, magurudumu yamezama mchangani, likingoja mnada.