Walihama au Walihamishwa? Kauli ya Kutendwa ya Wakati Uliopita katika Kiingereza cha Maandishi



Mhadhara huu unahusu kipengele kimoja cha sarufi, nacho ni kauli ya kutendwa ya wakati uliopita katika Kiingereza kinachoandikwa na watu ambao lugha yao ya kufikiria ni Kiswahili. Mifano yake inatokana na habari moja ya Mlima Meru. Habari hiyo imechaguliwa kwa kuwa ndani yake kosa la sarufi huweza kuwa kosa la ukweli.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, ili ardhi hiyo iwe mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya watu wake, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton. Baadaye wawili hao waliandika kitabu kiitwacho The Meru Land Case, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Mwanafunzi wa Arusha anayetaka kuieleza habari hiyo kwa Kiingereza hukutana na kauli ya kutendwa tangu sentensi ya kwanza.

Katika Kiswahili, kutoka "walihamisha" hadi "walihamishwa" ni hatua ya kiambishi kimoja. Kiambishi cha njeo, -li-, hubaki mahali pake, na -w- huingia karibu na mwisho wa kitenzi. Kiingereza hudai maneno mawili: kitenzi kisaidizi "was" au "were", kisha umbo la tatu la kitenzi kikuu. Mwandishi aliyezoea kubeba kila kitu ndani ya neno moja hulisahau kwa urahisi lile la kwanza. Huandika: "The Meru people moved from Engare Nanyuki in 1951." Alikusudia kusema walihamishwa, lakini amesema walihama. Msahihishaji hawezi kuliona kosa hilo kwa kutazama sarufi peke yake, kwa sababu sentensi haina dosari. Kilichoharibika ni historia. Sentensi inayofaa ni "The Meru people were moved", au kwa kitenzi chenye uzito zaidi, "were evicted".

Makosa mengine hujitangaza yenyewe. Anayeandika "The land was took" ametumia umbo la pili badala ya la tatu, "taken", na kila msomaji ataona. Vivyo hivyo "The houses was burnt": kitenzi hiki kisaidizi ndicho pekee katika Kiingereza kinachobadilika kufuata nafsi na idadi katika wakati uliopita, kwa hiyo ardhi huchukua "was", na nyumba na watu huchukua "were". Ukanushi nao una mtego wake. "Ardhi haikurudishwa" mara nyingi huwa "The land did not returned", kwa kuwa "haiku-" imezoeleka kutafsiriwa "did not". Katika kauli ya kutendwa, ukanushi hukaa kwenye kitenzi kisaidizi: "The land was not returned."

Lipo tatizo la ndani zaidi. Mswahili husema "Wameru walichomewa nyumba zao". Mnyambuliko wa kutendea ukiunganishwa na ule wa kutendwa humweka aliyepata hasara katika nafasi ya kiima. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno ataandika "The Meru were burnt their houses", na akipunguza maneno atabaki na "The Meru were burnt", yaani watu wenyewe waliteketezwa. Hapo budi nyumba ziwe kiima, "Their houses were burnt", na hasara ya wenyewe ibebwe na neno "their". Ndivyo ilivyo pia kwa "alifiwa na baba yake": Kiingereza husema "His father died", kwa sababu kitenzi kisicho na yambwa hakikubali kutendwa katika lugha hiyo.

Kauli ya kutendeka nayo isichanganywe na kutendwa. "Nyumba zilibomoka" ni "The houses collapsed", na "nyumba zilibomolewa" ni "The houses were demolished". Katika sentensi ya kwanza hakuna mkono wa mtu. Katika ya pili mkono upo, hata kama mwenyewe hatajwi.

Suala la kumtaja mtenda ndilo zito kuliko yote. Mtenda aliyeletwa na "na" katika Kiswahili huletwa na "by" katika Kiingereza: "The people were moved by the government." Lakini si kila "by" hutaja mtenda. "The people were moved by force" ni sentensi sahihi, na nafasi ya mtenda huonekana kana kwamba imejazwa, ilhali aliyetumia nguvu bado hajulikani. Si vibaya kumwacha mtenda nje pale ambapo hafahamiki, ametajwa tayari, au mkazo unastahili kuwa kwa mtendwa. Ripoti ya maabara huandikwa hivyo bila hasara. Lakini mlalamikaji anayeeleza dhuluma, akiandika "were moved" bila kusema nani aliwahamisha, amemsaidia mshtakiwa.

Mwaka 1952 azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na ardhi haikurudishwa wakati huo. Hata hivyo hoja yao haikuwa na utata: kulikuwa na watu walioondolewa, na kulikuwa na serikali iliyowaondoa. Mwanafunzi anayeandika juu yao, au juu ya mgogoro wowote wa ardhi wa leo, na ajiulize maswali mawili kabla ya kuweka nukta. Je, kitenzi kisaidizi kipo, na kinapatana na kiima chake? Je, msomaji asiyejua Kiswahili atajua nani alitenda na nani alitendwa?