Askari Aliyeona: Ushuhuda wa Polisi Juu ya Mauaji Yaliyofanywa na Polisi



Mada tuliyokabidhiwa ni nzito, nasi tumeona heri kuieleza kwa tukio moja lililofika mahakamani kuliko kwa maneno ya jumla. Polisi anapomwua raia kwa risasi, mara nyingi mashahidi walio karibu ni polisi wenzake. Wao ndio waandikao taarifa ya kwanza, na taarifa hiyo ndiyo isomwayo na wakubwa wao, na waandishi wa habari, na hatimaye mahakama. Marehemu hawezi kusimama kuisahihisha. Basi tujiulize: askari aliyeona anadaiwa nini na haki? Nasi tunadaiwa nini kwake?

TUKIO LENYEWE

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, mjini Chicago, Marekani, kijana wa miaka 17 aitwaye Laquan McDonald alipigwa risasi 16 na askari Jason Van Dyke. Kijana alikuwa na kisu kidogo mkononi, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametoboa tairi la gari la polisi. Hatuna sababu ya kuyaficha hayo. Lakini taarifa za baadhi ya askari waliokuwapo zilikwenda mbali zaidi, zikasema kwamba kijana aliwaendea askari akikipunga kisu kwa nia ya kuwadhuru. Kwa zaidi ya mwaka mzima hiyo ndiyo iliyokuwa habari rasmi.

Tarehe 24 Novemba 2015, baada ya amri ya jaji, picha ya video iliyonaswa na kamera ya gari la polisi ilitolewa hadharani. Watu walimwona kijana akitembea na kujitenga pembeni, mbali na askari. Wakaona jinsi Van Dyke alivyoanza kufyatua sekunde chache tu baada ya kushuka garini, na jinsi risasi zilivyoendelea kumpata kijana akiwa amekwisha kuanguka. Siku hiyo hiyo Van Dyke alishtakiwa kwa mauaji. Waswahili husema: ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga.

MASHAHIDI WAWILI WENYE SARE

Katika kesi ya Van Dyke, mwezi Septemba 2018, askari Joseph McElligott alitoa ushahidi upande wa mashtaka. Yeye alikuwa amemfuata kijana yule kwa miguu kabla Van Dyke hajafika. Alieleza kwamba alimwamuru aangushe kisu, naye hakutii. Alieleza pia kwamba hata hivyo yeye hakufyatua risasi, kwa kuwa kijana hakumwendea kumshambulia. Yeye na mwenzake walikuwa wakivuta muda ili kiletwe chombo cha kumlegeza mtu kwa umeme. Angalieni, ndugu, namna ya ushahidi huo: hakumtakasa marehemu, wala hakumtetea mwenzake. Alisema aliyoyatenda na aliyoyaona.

Shahidi wa pili ni askari mwanamke, Dora Fontaine. Mwishoni mwa mwaka 2018, katika kesi ya askari watatu walioshtakiwa kwa kula njama ya kuficha ukweli, alieleza mahakamani kwamba taarifa ya upelelezi ilimwekea kinywani maneno ambayo hakuyasema, yaani kwamba kijana alinyanyua mkono kana kwamba anashambulia. Alieleza pia gharama aliyoilipa: wenzake walimwita panya na msaliti, na ilihofiwa kwamba akipatwa na hatari mitaani hawangekuja kumsaidia. Wakubwa wake wakamwondoa doria, wakampa kazi ya ofisini.

Matokeo yake yalikuwaje? Tarehe 5 Oktoba 2018 baraza la raia 12 lilimwona Van Dyke na hatia ya mauaji ya daraja la pili na ya makosa 16 ya kujeruhi kwa silaha, kosa moja kwa kila risasi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 81, akaachiliwa Februari 2022. Askari watatu wa kesi ya njama waliachiliwa huru na jaji mwezi Januari 2019. Julai mwaka huo huo, Bodi ya Polisi ya Chicago iliwafukuza kazi askari wengine wanne kwa kutoa au kuidhinisha taarifa zisizo za kweli.

MAFUNDISHO TUNAYOYAPATA

Kwanza, shahidi si hakimu. Askari wengi hunyamaza wakidhani kwamba kusema ukweli ni kumhukumu mwenzao. Sivyo. Shahidi anadaiwa macho na masikio yake tu. Hukumu ni ya mahakama. Wala haimpasi kuongeza neno ili kumwokoa mwenzake, au kupunguza neno ili kumwangamiza.

Pili, tusiubeze udugu wa askari. Anayekwenda doria usiku hutegemea uhai wake kwa yule aliye ubavuni pake. Udugu huo ni mwema. Lakini ukigeuka kuwa agano la kufichiana maovu, humwacha askari mwema bila kimbilio. Desemba 2015 meya wa Chicago, Rahm Emanuel, alikiri mbele ya baraza la jiji kwamba tabia hiyo ya kufichiana ilikuwamo katika jeshi la polisi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: haki isingojee shujaa. Tukimtaka askari aseme kweli, kisha tukamwacha apoteze amani, wenzake na kazi aliyoizoea, tumemwomba awe mfia ukweli ili sisi tupate haki kwa bei rahisi. Yafaa taarifa ya kila shahidi iandikwe kivyake kabla hawajashauriana. Asomewe maneno yake kabla ya kutia sahihi. Upelelezi ufanywe na watu wasio wa kituo kile kile. Na mwenye kusema kweli alindwe kwa sheria. Januari 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliidhinisha mpango wa kulirekebisha jeshi hilo chini ya usimamizi wa mahakama. Ulikuja baada ya kaburi la kijana mmoja na hasira ya mji mzima. Laiti ungalitangulia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika familia na kazi zetu tunamtendeaje mtu anayekataa kutia sahihi maneno ambayo si yake?

2. Askari jirani yetu akishuhudia kweli dhidi ya mwenzake, nani kati yetu atakwenda kumjulia hali?

3. Tunaposikia kwamba mtu ameuawa na polisi, je, hudai kusikia mashahidi wote, au hutosheka na habari ya kwanza?