Mwenzi Anapougua Uzeeni: Kihambani, Mjini au Kwenye Makazi?



Mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye wazee wengi ukilinganisha na idadi ya watu wake. Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Uru, Old Moshi au Marangu, si ajabu kukuta kihamba kizima kinakaliwa na watu wawili tu, mume na mke waliovuka miaka sabini, watoto wakiwa Arusha, Dar es Salaam au ng'ambo. Mmoja wao akipatwa na kiharusi, au akianza kusahau hata jina la mwenzake, mzigo wote humwangukia yule aliyebaki na nguvu, naye ni mzee vilevile. Hapo ndipo swali huulizwa kwa sauti ya chini: mgonjwa aendelee kutunzwa nyumbani, au apelekwe mahali pa kutunzia wazee?

Swali hilo halina aibu, wala si la nyumba moja. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya wilaya jirani ya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupotewa na kumbukumbu. Haya ni maradhi ya ubongo. Anayeyaita urogi humchelewesha mgonjwa kufika hospitali, na pengine humweka hatarini.

Wengi wakisikia makazi ya wazee hufikiria jengo la kulipia lenye wauguzi usiku na mchana, kama yale ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu mambo ni tofauti, na ni vema yaelezwe wazi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa mtunzaji wa kwanza wa mzee, na matunzo ya kwenye makazi kuwa hatua ya mwisho. Makazi ya Serikali, yakiwamo ya Njoro hapa Moshi, yapo kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana wa kuwatunza. Maombi huanzia kwa uongozi wa kijiji au mtaa, kisha hupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye kwanza huchunguza kama ndugu wapo. Mzee mwenye mke, watoto watano na kihamba chenye migomba atatafutiwa ndugu zake kabla ya kutafutiwa kitanda.

Zipo pia nyumba chache nchini zinazoendeshwa na mashirika ya dini na watu binafsi. Familia inayozifikiria haina budi kwenda kujionea yenyewe, na kuuliza nani anakesha usiku, nani anatoa dawa, mwenzi ataruhusiwa kumtembelea mara ngapi, na nini hufanyika ugonjwa unapozidi. Mahali pasipojibu maswali hayo kwa utulivu hapafai, hata kama sakafu inang'aa.

Kwa hiyo, kwa wanandoa wengi wa mlimani, uchaguzi halisi ni kati ya kubaki kihambani na kuteremshwa mjini kwa mtoto. Kuteremshwa huko hufanywa kwa upendo, na kuna faida ya kuwa karibu na hospitali kubwa. Lakini mtu aliyepoteza kumbukumbu huongozwa na mazoea: anaujua mlango wake, anaujua mti ulio mbele yake. Akiamka usiku katika nyumba ngeni hajui choo kilipo, na fadhaa humzidi. Mkewe naye, aliyeendesha jiko lake kwa miaka hamsini, hujikuta mgeni katika jiko la mkaza mwana. Ni busara safari ya kwanza iwe ya majaribio, ya mwezi mmoja au miwili, kabla ng'ombe hawajauzwa na kihamba hakijakodishwa. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Watoto wenye haraka ya kuuza wakumbuke hilo.

Kubaki nyumbani nako kuna gharama, ambazo hazionekani kwa kuwa hazina risiti. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hupaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Hiyo ni mara 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Aliyepata kiharusi anaweza kupaliwa, hivyo hata mtori alishwe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na mhudumu wa afya aulizwe kwanza kama anameza salama. Choo kilicho nje, nyuma ya migomba, hakifikiki wakati wa masika njia inapoteleza. Mfongo unaopita kihambani, uliochimbwa na mababu kwa ajili ya umwagiliaji, ni hatari kwa mtu anayetoka usiku bila kujua aendako. Komeo la juu mlangoni, kamba ya kushikia hadi chooni na moto wa jikoni usioachwa peke yake ni mambo madogo ambayo familia inaweza kuyafanya kwa siku moja.

Linalosahaulika zaidi ni afya ya anayetunza. Sheria hiyo ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mkewe, na mke mwenye uwezo amtunze mumewe aliyeshindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi. Haimtaki bibi wa miaka 68 mwenye magoti mabovu amnyanyue mumewe kwa mikono yake peke yake. Anayetunza akianza kukosa usingizi wiki hadi wiki, akiacha dawa zake za shinikizo la damu, au akijikuta anamfokea au kumpiga mgonjwa, mpango wa nyumbani umeshavunjika, hata kama majirani wanamsifu kwa uvumilivu. Hapo msaada utafutwe upesi.

Msaada huo una ngazi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na zahanati ya karibu ndiyo mlango wa kwanza. Hospitali ya Mawenzi na KCMC zina wataalamu wa viungo wanaoweza kuifundisha familia namna ya kumnyanyua na kumfanyisha mazoezi aliyepooza. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo, na utambulisho wake hushughulikiwa kupitia kijiji au mtaa. Familia ikiajiri msaidizi, ajue tangu mwanzo kama kazi yake ni kupika au kumuuguza mgonjwa, alipwe kwa mkataba, na apewe siku yake ya mapumziko ya kila wiki kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inavyotaka. Mjukuu wa kike aliye shuleni asigeuzwe muuguzi kwa kuwa tu hana mshahara.

Desemba watoto hupanda mlimani, na vikao vya ukoo huketi. Mara nyingi vikao hivyo huanza kwa michango na kumalizika kwa mbege, huku mama aliyekesha mwaka mzima akiwa jikoni anawapikia wageni. Safari hii aitwe akae, aseme yeye kwanza anachoweza na asichoweza. Mgonjwa naye aulizwe maadamu bado anaelewa. Kisha yaandikwe majina: nani atakuja mwezi gani kumpumzisha mama kwa wiki mbili, nani atalipa msaidizi na tarehe ngapi. Kikao kikishindwa kuafikiana, Afisa Ustawi wa Jamii anaweza kuombwa kukiongoza, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, kabla wageni hawajashuka tena baada ya mwaka mpya.