Sheria Kwanza, Kete Baadaye

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia na vya vijana, Garissa, juu ya kupanga mashindano ya chesi

Nimeombwa niseme juu ya mashindano ya chesi, mchezo ambao wengine huuita sataranji. Najua kuna mtu hapa anayejiuliza moyoni: sisi tuna shida ya maji, mbuzi wanakufa kwa kiangazi, chesi ni ya nini? Ni swali zuri. Nisikilizeni kidogo, halafu mtanihukumu.

Kwanza, mchezo wa namna hii si mgeni kwetu. Pita chini ya miti ya mji huu jioni, utawakuta wazee wamechora miraba mitatu mchangani, mmoja ndani ya mwingine, wanacheza shax. Kila mmoja ana kete 12, huyu mawe, yule vijiti. Nafasi ni 24. Na kila mzee anajua kwamba wakati wa kupanga kete hakuna kumla mwenzako, hata ukipata tatu kwenye mstari. Hakuna anayebishana juu ya hilo. Kwa nini? Kwa sababu sheria ile ilijulikana kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa. Hilo ndilo neno langu la leo. Mengine yote ni kulieleza tu.

Kosa letu wenyewe

Wacha niwaambie yaliyotupata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi kimoja cha vijana. Tulikuwa na mbao nane za chesi, tukatangaza mashindano, kiingilio shilingi 50. Wakaja vijana 16. Mmoja wao alitoka kijiji cha mbali, akasafiri usiku kucha juu ya lori la mifugo.

Tulipanga mtoano, kwa sababu ndio tuliouzoea kwenye mpira: ukishindwa, unatoka. Katika mchezo wake wa kwanza, kijana yule alishika farasi wake, akaona hatari, akamrudisha mahali pake, akasogeza askari. Mpinzani akasema, "Umeshika farasi, lazima umcheze." Yeye akasema kwao hawachezi hivyo. Kelele zikaanza. Tukatafuta sheria, hatukuwa na karatasi hata moja. Refa nilikuwa mimi, na yule mpinzani alikuwa kijana wa mtaa wetu. Nikaamua farasi achezwe. Muda si mrefu mgeni wetu akawa ameshindwa.

Kwa sheria za chesi za dunia nzima, uamuzi wangu ulikuwa sawa. Lakini nani angeniamini? Kijana akaniambia kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mngeniambia mapema ningecheza hivyo hivyo mnavyotaka. Sasa nimekuja mwendo wote huu kwa mchezo mmoja?" Sikuwa na jibu. Akatafuta lori akarudi kwao. Hakuja tena, na wenzake wa upande ule wakaacha kuja pia. Kikundi tulichokianzisha ili vijana wa pande zote wakae pamoja kikabaki cha mtaa mmoja.

Makosa yalikuwa mawili. Hatukusoma sheria kabla ya kuanza. Na tulichagua mpango unaomfukuza mtu asubuhi. Tuyaangalie yote mawili.

Mipango mitatu ya mashindano

1. Mtoano. Wachezaji 16 watacheza michezo 15 tu, mshindi amepatikana. Ni haraka. Lakini tazama: baada ya raundi ya kwanza watu wanane wamekwisha kazi. Wamelipa kiingilio, wamecheza mara moja, kwisha. Na kama kura iliwakutanisha wawili walio hodari mwanzoni, mmoja ametoka bure. Mtoano unafaa kwa fainali, wakati mmebaki wanne. Kwa kujenga kikundi haufai.

2. Ligi. Kila mmoja anacheza na kila mmoja. Huu ndio mpango wa haki kuliko yote, lakini unakula muda. Kujua idadi ya michezo, chukua idadi ya watu, zidisha kwa idadi hiyo toa mmoja, kisha gawanya kwa mbili. Watu sita: sita mara tano ni 30, gawanya kwa mbili, michezo 15. Watu wanane: michezo 28, raundi saba. Watu 16: michezo 120, raundi 15! Mtamaliza lini? Kwa hiyo ligi ni nzuri mkiwa wanane au chini ya hapo, au mkicheza kidogo kidogo kila wiki.

3. Mpango wa Uswisi. Unaitwa hivyo kwa sababu ulitumika kwanza katika mji wa Zürich, Uswisi, mwaka 1895. Hapa hakuna anayefukuzwa. Raundi ya kwanza mnapanga kwa kura. Raundi ya pili walioshinda wanakutana na walioshinda, walioshindwa na walioshindwa. Mnaendelea hivyo: kila mtu anacheza na mwenye pointi sawa na zake au zinazokaribiana. Kanuni moja kubwa: watu wawili wasikutane mara mbili. Ya pili: mtu aliyecheza na nyeupe apewe nyeusi raundi inayofuata, ikiwezekana, kwa sababu nyeupe ndiye anayeanza na ana faida kidogo.

Kwa watu 16, raundi nne zinatosha kumpata mmoja ambaye hajashindwa, kama hakuna sare. Hesabu wenyewe: baada ya raundi ya kwanza wenye ushindi kamili ni wanane, baada ya ya pili wanne, ya tatu wawili, ya nne mmoja. Kwa watu 32 ni raundi tano. Sisi sasa huongeza raundi moja juu, kwa sababu sare hutokea.

Idadi ikiwa witiri, kwa mfano watu 15, mmoja hukosa mpinzani kila raundi. Huyo apewe pointi moja akapumzike. Awe mwenye pointi chache zaidi, na mtu asipumzishwe mara mbili.

Msidhani huu ni mpango wa wanyonge. Mnamjua Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala? Alifundishwa chesi na Robert Katende, aliyeanzisha masomo hayo mwaka 2004 chini ya shirika la Kikristo la michezo. Watoto wengi walifika kwanza kwa ajili ya kikombe cha uji. Mwaka 2010 binti huyo alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, akiiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya chesi, na mwaka 2016 maisha yake yakafanywa sinema. Mashindano yale makubwa huchezwa kwa mpango huu huu wa Uswisi, raundi 11. Timu ikishindwa siku ya kwanza haifungi mizigo. Inacheza mpaka siku ya mwisho, na inajifunza. Kama timu za mataifa zinapewa nafasi hiyo, je, kijana aliyekuja kwa lori?

Sheria za kusoma kwa sauti

Chama cha chesi cha dunia, FIDE, kilianzishwa Paris mwaka 1924, na sheria zake ndizo zinazotumika kila mahali. Ni ndefu. Kwa kikundi cha kijiji, andikeni hizi kwenye karatasi moja, mbandike ukutani, na msome kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, kabla ya raundi ya kwanza:

- Ukishika kete yako, uicheze. Ukishika ya mpinzani, uile, kama sheria inaruhusu. Ukitaka tu kuiweka sawa, sema kwanza "narekebisha", na iwe ni zamu yako.
- Ukiiachia kete mahali pake pya, umekwisha kucheza.
- Ushindi ni pointi moja, sare ni nusu kwa kila mmoja, kushindwa ni sufuri.
- Mchezaji akiwa hana pa kwenda, na mfalme wake hashambuliwi, hiyo ni sare. Wengi hudhani ni ushindi. Hapa ndipo ugomvi huzaliwa.
- Askari akifika mwisho wa ubao, anageuka kuwa malkia, au ngome, askofu au farasi, hata kama malkia wa kwanza bado yupo.
- Mtazamaji asiseme neno. Wazee wangu, mnisamehe. Kwenye shax tumezoea kila anayepita kutoa shauri lake. Kwenye mashindano ya chesi ni marufuku, hata kwa ishara ya jicho.
- Mwenye malalamiko asimamishe mchezo, ainue mkono, amwite refa pale pale. Mchezo ukiisha, malalamiko yameisha.
- Watu wakilingana pointi, tazama kwanza kama walikutana wenyewe, nani alishinda. Kama hawakukutana, jumlisha pointi za wapinzani wa kila mmoja. Mwenye jumla kubwa amepita, kwa sababu alipambana na wagumu zaidi.

Hiyo ya mwisho lazima itangazwe mapema. Ukiitangaza wakati wawili wamekwisha kulingana, hata kama ni ya haki kabisa, mmoja atasema umeitunga kumkomoa yeye.

Na refa je? Wekeni wawili, wa pande mbili tofauti, na awepo mzee mmoja asiyekuwa na mtoto wala mpwa katika mashindano. Refa asicheze. Mimi siku ile nilikuwa refa wa haki, lakini nilikuwa refa wa mtaa mmoja. Haki isiyoaminiwa haipoozi ugomvi.

Muda, joto na swala

Mpe kila mchezaji dakika 15. Mchezo mmoja basi hauzidi nusu saa. Saa za chesi ni ghali, lakini leo simu ya mkononi yenye programu ya saa inatosha, moja kwa kila ubao. Weka robo saa katikati ya raundi za kuandika matokeo na kunywa chai. Mkianza saa mbili kamili asubuhi, raundi ya pili ni saa mbili na dakika 45, ya tatu saa tatu na nusu, ya nne saa nne na robo, ya tano saa tano. Saa tano na nusu mmemaliza, kabla ya jua kali na kabla ya swala ya adhuhuri. Hiyo ni kwa watu 16 na mbao nane. Mkiwa na mbao nne, kila raundi inakuwa zamu mbili. Gaweni kazi hiyo kwa siku mbili, msiwachoshe watu.

Msipange Ijumaa, wala Jumapili wakati wa ibada, wala siku ya soko la mifugo. Na waulizeni kina mama ni saa ngapi binti zao wanaweza kuja. Sisi hatukuuliza, kisha tukasema wasichana hawapendi chesi. Kumbe tulikuwa tunaanza wakati wa kuchota maji.

Fedha za kiingilio

Hapa viongozi wa vikundi mnanielewa. Watu 16 kwa shilingi 50 ni shilingi 800. Si nyingi, lakini shilingi 800 zisizoandikwa zimewahi kuvunja vikundi vikubwa. Mweka hazina aandike kila jina na kutoa risiti. Tangazeni kabla: kiasi gani ni zawadi, kiasi gani ni chai, kiasi gani ni cha kununua ubao mwingine. Kijana wa mbali asiyekuwa na shilingi 50 asirudishwe. Afanye kazi ya kupanga viti, deni limelipwa.

Neno la mwisho

Wazee wetu wa Kaskazini Mashariki wanajua jambo hili kuliko mimi. Mwaka 2001 viongozi na wazee walikutana Modogashe wakakubaliana juu ya malisho, maji na wizi wa mifugo. Moja ya makubaliano ni kwamba mfugaji anayetaka kuhamia malisho ya wenzake aombe ruhusa kwanza kwa wazee wa pale. Kwanza! Siyo baada ya ng'ombe kuingia. Na kisimani, zamu hupangwa kabla ya ngamia kufika kwenye birika. Ngamia wenye kiu wakishafika, hakuna anayesikiliza hotuba.

Basi chesi ni shule ndogo ya jambo hilo. Kijana anayejifunza kuinua mkono na kumwita refa badala ya kupindua ubao, siku moja atakaa kwenye kamati ya maji. Nataka akae pale akiwa amezoea.

Yule kijana wa lori sikumwona tena. Kama mnamjua, mwambieni karatasi ya sheria sasa iko ukutani, na kwamba akishindwa raundi ya kwanza, zimebaki nne.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kikundi chenu, ni sheria gani ambayo kila mtu hudhani inajulikana lakini haijaandikwa popote?
2. Mkiwa na wachezaji 12, mbao sita na asubuhi moja, mtachagua mpango gani? Kwa nini?
3. Nani katika kijiji chenu anaweza kuwa refa anayeaminiwa na pande zote?
4. Ni saa ngapi wasichana na watu wa mbali wanaweza kufika? Nani atakwenda kuwauliza?