Usalama wa Moto katika Hifadhi za Umeme za Betri za Lithiamu: Hali ya Dodoma na Nyanda za Kati

Betri ya lithiamu huhifadhi umeme mwingi katika nafasi ndogo, na hatari yake hutokana na sifa hiyohiyo. Ndani ya kila seli, elektrodi mbili hutenganishwa na utando mwembamba wa plastiki uliolowa kimiminika kinachowaka. Joto likikaribia nyuzi 130 za Selsiasi, utando wa aina ya kawaida huanza kuyeyuka. Elektrodi zikigusana, seli hupiga shoti na kuzalisha joto kwa kasi kubwa kuliko linavyoweza kutoka. Joto hilo huivamia seli ya jirani, na hivyo hivyo hadi kabati zima kushika moto.

Chanzo huweza kuwa kasoro ya kiwandani, kuchaji kupita kiasi, kugongwa, au kuvuja kwa maji ya kupoozea. Seli inayoharibika hutoa haidrojeni, monoksidi ya kaboni na gesi nyingine zinazolipuka, pamoja na floridi ya haidrojeni iliyo sumu kali. Betri za fosfeti ya chuma hustahimili joto zaidi kuliko zile za nikeli na kobalti, lakini nazo hutoa haidrojeni nyingi zinapoharibika.

Matukio mawili yanaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 19 Aprili 2019, huko Surprise, Arizona, nchini Marekani, gesi ya kuzimia moto ilijimwaga ndani ya jengo la betri lakini haikuzuia joto kusambaa. Gesi za betri zikajikusanya, na saa kadhaa baadaye, mlango ulipofunguliwa, mlipuko uliwajeruhi vibaya wazimamoto. Tarehe 30 Julai 2021, karibu na Geelong, Australia, makontena mawili ya betri yaliungua. Kikosi cha zimamoto kiliyaacha yaungue na kumwagia maji yaliyo jirani ili kuyapooza. Hakuna aliyejeruhiwa.

Katika nyanda za kati za Tanzania, funzo la kuwa na maji ya kupooza karibu lina uzito wa pekee. Dodoma hupata takribani milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Kiangazi huleta majani makavu na upepo mkali wa mashariki. Kituo kinachosubiri maji ya kuletwa na gari baada ya moto kuzuka kimekwisha kuchelewa.

Kwa hiyo usalama hujengwa kabla ya betri kuwashwa. Makontena hukaa nje, mbali na makazi, upande ambao upepo hautapeleka moshi kwa watu, juu ya eneo lililofyekwa na kumwagwa kokoto. Kiwango cha NFPA 855 cha Marekani, katika toleo lake la kwanza la mwaka 2020, kilitaka makundi ya betri yasiyozidi kWh 50 yatenganishwe kwa futi 3, yaani karibu sentimita 91, isipokuwa majaribio ya moto yathibitishe vinginevyo. Vitambuzi vya gesi huwasha feni mapema. Paneli za kutolea shinikizo hupeleka nguvu ya mlipuko juu, si mlangoni. Tangi la maji hujengwa kituoni kwa ajili ya kupooza, na swichi ya kukata umeme huwekwa mahali panapofikika bila kukaribia makontena.

Moto ukizuka, mlango haufunguliwi. Watu huondolewa upande unakoelekea moshi, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114. Baada ya miali kuzimika, ulinzi huendelea kwa siku kadhaa, kwa kuwa seli zilizobaki na chaji huweza kuwaka upya.

Wenye miradi ya betri, kuanzia zahanati ya kijijini hadi kituo cha gridi, wanapaswa kumkabidhi mzimamoto ramani ya kituo, aina ya betri na mpango wa dharura siku ya ufungaji, si siku ya moto.